Siku Tuliyokwenda Kusalimu Ofisi ya Ardhi

Huku kwetu juu, kuanzia Kasulu mpaka Kibondo, ardhi tambarare ni kitu cha kutafuta. Ukidondosha chungwa mlangoni kwako, kalidai kwa jirani wa chini. Mimi nimekaa huku miaka yangu yote, kwanza Muyama nilikozaliwa, halafu mjini nilikokuja kufungua kazi ya kutengeneza baiskeli, na magoti yangu yanaijua miteremko yote. Mji ninaousema ni mmoja wa hiyo miwili. Sitasema upi, kwa sababu wote ninaowasimulia wapo hai, na karibu wote bado tunasalimiana.

Katika mji huo kulikuwa na tambarare moja tu ya kueleweka, nayo ilitengenezwa na greda. Wajenzi wa barabara walipokuja zamani walikata bega la kilima, wakasawazisha mahali pakubwa kuliko uwanja wa mpira, wakaweka nyumba zao za bati na mitambo yao. Barabara ilipoisha wakabeba kila kitu wakaondoka. Tukabaki na tambarare yetu na tairi moja kubwa sana, ambalo kina mama walilifanya kiti. Sisi tukapaita Kambini. Watu wa mbali wakisikia hivyo hudhani ni kambi ya wakimbizi, maana mkoa wetu umejulikana kwa hizo, lakini hii ilikuwa ya magreda tu.

Baadaye halmashauri ikapanda mikaratusi pembeni, ikajenga mabenchi manne ya saruji, na ikasimamisha kibao cha bati kilichoandikwa Bustani ya Mapumziko, Usikate Miti. Miti hakuna aliyeikata. Kibao ndicho kilichoanguka, upepo wa mwezi wa tisa ukakiangusha, kikalala kwenye majani miezi mingi, halafu mtu akakichukua kufunika banda lake la kuku. Mtu huyo ni mimi. Nasema mapema nisije nikajisahau nikasingizia mwingine.

Sasa mke wangu. Mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili, siku ya Jumamosi, alikuwa anachambua maharage, akaniambia mkono umelala. Nikasema uamshe. Nilidhani anatania, maana yeye ni mtu wa utani, watu wa Mabamba alikotoka wako hivyo. Nilipogeuka nikaona uso nao umelala upande mmoja. Kilikuwa kiharusi. Alikaa hospitali wiki tatu, akarudi na upande wa kushoto mzito kama si wake.

Nesi aliyetuaga alikuwa mama wa makamo, mkali kidogo. Akaniambia, "Baba, huyu dawa yake ni kutembea. Asubuhi na alasiri. Lakini atembee mahali pa sawa. Mkimpandisha milima yenu hiyo ataanguka, na akianguka mara ya pili sijui kama nitamwona tena."

Nyumba yetu iko kwenye mteremko ambao hata mbuzi hufikiri kwanza. Kwa hiyo nikafunga kipande cha godoro kwenye keria ya baiskeli, nikawa namkalisha pale, namfunga kwa khanga kiunoni ashikamane na kiti, nasukuma taratibu mpaka Kambini. Tukifika namshusha, anashika mkono wangu, tunazunguka ndani ya mikaratusi. Mwanzoni tulizunguka nusu. Alikuwa ananitukana njia nzima. "We mzee, unanikokota kama baiskeli mbovu." Namjibu, "Baiskeli mbovu ndiyo kazi yangu." Wiki nyingine tukamaliza mzunguko mmoja, tukakaa benchi, akalia kidogo, nami nikajifanya naangalia tairi.

Lakini kutembea ni nusu tu ya habari. Sisi Waha salamu yetu ina makofi. Mkikutana mnainama, mnapigiana makofi polepole, mwakeye, mwakeye, mnaulizana ya nyumbani, ya shamba, ya ng'ombe hata kama ng'ombe hamna. Salamu inaweza kumaliza muda wote uliokuwa nao. Mke wangu aliporudi hospitali mkono mmoja ulikuwa umekufa, na mkono mmoja haupigi makofi. Akawa akisikia hodi anaingia ndani. Watu wakija anauficha mkono chini ya khanga, anaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyewachukia. Nilianza kuona wageni wanapungua, na yeye anapungua pamoja nao. Hilo lilinitisha kuliko mguu.

Pale Kambini, wiki ya kwanza, tulikutana na mama mmoja muuza mihogo. Akatua ungo wake, akainama, akapiga makofi, akangoja. Mke wangu akasimama na mkono wake ukining'inia. Yule mama akatazama, akaelewa, akanyoosha kiganja chake cha kushoto mbele. Mke wangu akakipiga kwa mkono wake wa kulia. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Mwakeye. Akasema "Mwakeye" kwa ule mdomo uliopinda, na sauti ikatoka.

Habari ikaenea kwa kina mama wote wapitao pale kwenda sokoni, maana Kambini ndiyo ilikuwa njia yao ya mkato. Kila mmoja akawa anamkopesha kiganja. Kukatokea siku tunatembea robo saa na kusalimiana saa nzima. Akirudi nyumbani ana habari za mji mzima. Akaanza tena kunisema kuhusu soksi. Nikajua ninaye.

Basi mwaka uliofuata, katikati ya kiangazi, nikaona vijana wanapigilia bikoni za saruji Kambini, nne huku, nne kule. Jirani yangu, mkatekista mstaafu ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani na yeye sasa ni raia kama mimi, akanipeleka kwenye ofisi ya kata akanisomea tangazo ubaoni. Yeye amesoma, mimi niliishia darasa la nne, tena la nne lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Tangazo lilisema halmashauri ina maeneo ya ziada isiyoyahitaji, itayauza kwa wananchi yaendelezwe, na Kambini ni mojawapo. Mwenye pingamizi afike ofisi ya ardhi ndani ya siku thelathini.

Nilimuuliza, "Ziada maana yake nini?"

"Maana yake imebaki, haina kazi."

"Haina kazi? Na mke wangu?"

"Mke wako hawakumwandika," akasema.

Tukakaa kwenye ngazi za ofisi tukapanga. Hapa lazima nieleze tabia zetu, la sivyo mtatuona wajinga zaidi ya tulivyokuwa. Wazee niliowakuta hawakuingia kwa mtu na shida mkononi siku ya kwanza. Siku ya kwanza unakwenda ujulikane. Unasalimu, unauliza kwao, unaondoka. Siku ya pili unapeleka kitu kidogo. Siku ya tatu ndiyo unasema, tena unaanza kwa mbali, unalizunguka jambo mpaka mwenyewe alione. Ukitangulia kusema shida unamwonyesha mtu kwamba wewe humtaki yeye, unataka alichonacho. Kwa hiyo tulihesabu: wiki hii kusalimu, wiki ya pili asali, wiki ya tatu Kambini. Siku thelathini zinatosha na kubaki. Tulijiona watu wa mipango.

Tulikwenda tumevaa makoti. Afisa ardhi alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mgeni, ameletwa kutoka mikoa ya kati. Akasimama tulipoingia, jambo lililotufurahisha.

"Shikamooni wazee wangu. Karibuni. Niwasaidie nini?"

"Marahaba," nikasema. "Hapana, tumekuja kukusalimu tu."

"Kunisalimu?"

"Tulisikia kuna mgeni ofisi hii, tukasema si vizuri akae bila wazee kumwona."

Mkatekista akamuuliza kwao wapi, mvua zinanyeshaje, mama yake yu hai. Kijana akajibu vizuri, akaonekana amefurahi, akatuagizia soda. Tukanywa. Halafu akasema, "Wazee wangu, nyie si mnakaa karibu na Kambini? Tangazo mmeliona?"

Tukatazamana. Siku ya kusema ilikuwa bado.

"Tumeliona," mkatekista akasema. "Limeandikwa vizuri."

"Kwa hiyo mnaonaje?"

Nikasema, na maneno haya yamenikaa kooni mpaka leo, "Kazi ya serikali ni kazi nzuri."

Akafungua daftari kubwa, akaandika mistari miwili mitatu, akatuomba tutie sahihi kwamba tulifika. Mimi nikatia sahihi yangu ya polepole. Tukatoka pale tumeridhika kama watu waliotoka kuposa.

"Kijana mzuri," nikasema.

"Amefunguka sana," mkatekista akasema. "Wiki ijayo asali."

Wiki iliyofuata tulifika na chupa ya asali nzuri ya msitu wa Kibondo, tukaambiwa afisa yuko semina Kigoma. Tukairudisha asali nyumbani. Wiki nyingine semina imeongezwa. Mke wangu akaanza kuilamba ile asali, anasema inaharibika, na asali tangu lini inaharibika. Kijana aliporudi tulifika na asali nusu chupa, na mkatekista akasema heri tuziunganishe siku ya pili na ya tatu. Nikaanza kuzungumzia faida za kivuli. Nikazunguka nikapita kwenye mikaratusi, nikapita kwenye kiharusi, nikafika.

Kijana akashika kichwa. "Wazee wangu, mbona mnanipa mtihani? Siku thelathini zimekwisha juzi. Tena katika mji mzima ni nyinyi wawili tu mliokuja." Akafungua lile daftari akatusomea: wazee wawili wa mtaa wamefika, wamesalimu, wameliona tangazo, hawana pingamizi. Chini yake sahihi zetu. Nilisogeza kidole nikayafuata maneno moja moja. Hakuna alichosingizia.

"Lakini mwanangu," mkatekista akasema, "ile ilikuwa siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza ya nini, baba?"

Tukamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Sasa mimi ningejuaje? Kwetu mtu akiwa na shida anasema shida."

"Hata kabla ya kuuliza mama hajambo?"

"Mama hajambo, na shida ni hii. Vyote pamoja." Akaguna. "Halafu tena, hata mngepinga, kwenye faili pale si bustani. Pameandikwa kambi ya mkandarasi, eneo la ziada. Kungekuwa na kitu kinachoonyesha tuliwahi kupafanya bustani, angalau ningekuwa na pa kuanzia. Sijaona hata kibao."

Nikajisikia joto chini ya koti. 

Nyumbani nilimwambia mke wangu yote. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka nikaogopa, maana baada ya kiharusi kicheko chake kilikuwa kinatoka upande mmoja na hakikuwa na breki. Akasema, "Ndivyo ulivyoniposa. Ulikuja mara ya kwanza ukaomba maji. Mara ya pili ukaomba maji. Baba yangu akasema hawa watu wa Muyama kwao kuna ukame, wapeni mtungi waondoke."

"Lakini nilikupata."

"Ulinipata kwa sababu mimi ndiye nilimwambia baba." Halafu akasema, na hapa hakuwa anacheka, "Mzee, mimi pale nisipokwenda nitarudi ndani. Na nikirudi ndani sitatoka tena. Mimi najijua." Akageuka akatazama nje, kwenye banda. "Kile kibao kirudishe."

Kuku wangu walilala siku ile wanaona anga. Nilikisugua kibao kwa majivu na sabuni, mavi ya kuku yamekauka juu ya neno Bustani kuliko maneno mengine yote, sijui kwa nini walipapenda pale. Asubuhi nikakifunga kwenye keria nikaenda peke yangu. Nilikisimamisha mbele ya meza ya afisa, nikasema, "Hajambo mama yako, na mimi ndiye mwizi."

Kijana akacheka akafuta macho. Akakigeuza, akaona nyuma pamegongwa muhuri wa halmashauri yenyewe. Akalifungua faili, akalifunga. Akaniambia mauzo yamepita na hawezi kuyarudisha, eneo lote amechukua mfanyabiashara mmoja wa pale mjini. Ila hati bado haijatoka na mchoro uko mezani kwake. Kwa kuwa kibao kipo, mkubwa wake atakubali njia ya watu ichorwe humo, mradi mnunuzi mwenyewe aridhie kwa maandishi.

"Akiridhia naichora, na nikishaichora ni ya watu wote, hata mtoto wake akiuza haiwezi kufungwa. Lakini aridhie yeye. Na mzee wangu, tafadhali, safari hii sema shida siku ya kwanza."

Nilimsikia vizuri mno. Nilipofika dukani kwa yule mfanyabiashara, mtu wa makamo mwenye kanzu safi, ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani na chumvi na vitambaa, nilisimama mlangoni nikasema kwa nguvu, "Nataka njia Kambini kwa ajili ya mke wangu mgonjwa!"

Wateja wakageuka. Mwenye duka akaacha mita yake juu ya kitambaa akanitazama juu mpaka chini.

"Mzee," akasema, "hata salamu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Watu wa pwani nao wana salamu zao, na mimi nimeingia kwa mtu kama mgambo. Nikaanza kujieleza, nikamweleza ya ofisi ya ardhi, ya siku ya kwanza na ya pili na ya tatu, ya asali iliyolambwa. Nilipofika kwenye kuku akakaa juu ya furushi la vitenge. Akaniita ndani, akaniwekea kahawa na kashata.

"Asalaam aleikum," akasema. "Tuanze upya."

Aliniambia mipango yake bila kuficha. Atajenga ghala la maharage na ukuta kuzunguka lote, sababu ghala bila ukuta ni kuwalisha wezi. Lakini njia ya mita moja anaweza kuacha upande wa mikaratusi.

"Mita moja haitoshi," nikasema. "Yeye anatembea na mimi."

"Mita na nusu."

"Hujamwona anavyotembea."

"Basi mlete nimwone," akasema. "Alhamisi, baada ya alasiri. Namwita na huyo kijana wa ardhi na kamba yake."

Alhamisi nilimsukuma mke wangu kwenye keria, amevaa kitenge cha kwenda kanisani. Walikuwepo mfanyabiashara, afisa na mkatekista. Kijana akavuta kamba chini, mita moja na nusu kutoka kwenye miti, akaweka vijiti. Tukatembea ndani ya vijiti, mimi na yeye, na mguu wake wa kushoto ule unaochora nusu duara kila hatua ukaangusha kijiti cha kwanza, cha pili na cha tatu. Mfanyabiashara akasema, "Weka mbili." Tukarudi. Hapo vijiti vilisimama. Akatabasamu, akafikiri tumemaliza, na mimi kwa kweli nilifikiri hivyo.

Kisha wakaja kina mama watatu kutoka sokoni. Walipomwona mke wangu wakatua nyungo zao pale pale kati ya vijiti, wakainama, wa kwanza akanyoosha kiganja, mke wangu akakipiga. Mwidiwe, ndiyo mwakeye ya jioni. Mwidiwe. Habari za nyumbani, habari za mguu, mvua zitakuja lini. Wa pili akanyoosha chake. Mama mwingine nyuma yao mwenye kuni kichwani akakosa pa kupita, akasimama, akangoja, naye akaingia kwenye salamu. Njia ikajaa kabisa.

Mfanyabiashara alitazama muda mrefu. Alikuwa ameshika tasbihi yake lakini haisogei. Akamuuliza mkatekista chinichini kwa nini yule bibi anapiga mkono wa mwenzake. Mkatekista akamwambia. Akageuka kwa afisa, akasema, "Hii si njia, hii ni baraza ya watu. Weka mita nne. Na mabenchi mawili ya upande huu yabaki yalipo."

"Na geti?" afisa akauliza. "Umesema utaweka geti huku na huku."

"Geti lazima. Nitafunga magharibi, nitafungua asubuhi."

Mimi nikafungua mdomo kushukuru. Mke wangu akanishika koti.

"Hajji," akamwambia mfanyabiashara. Maneno yake yalikuwa bado yanatoka moja moja, mtu unangoja. "Geti weka. Kufuli usiweke."

"Bibi, geti bila kufuli ni la nini?"

"Ng'ombe hawafungui geti. Watu wanafungua. Si ndicho unachotaka, ng'ombe wasiingie?"

"Na wezi?"

"Wezi wako watazuiwa na ukuta wako. Huku nje kuna nini cha kuiba? Mimi?"

Kina mama wakacheka. Hajji akacheka pia, akasema huyu mwanamke angefungua duka sisi wote tungefunga. Ikaandikwa pale pale juu ya benchi: mita nne, mabenchi mawili, geti lisilo na kufuli, kwa matumizi ya watu wote. Mke wangu akataka isomwe mara mbili. Ikasomwa. Halafu akamwambia afisa, "Soma tena pale pa kufuli." Ndipo akaweka dole gumba lake la kulia, na afisa akachora.

Nisiwadanganye, tulipoteza pakubwa. Ukuta ulipopanda tambarare yetu ilibaki kama ukanda wa suruali. Tairi la kina mama lilibebwa na mafundi likawa ngazi ya kupandishia zege. Mabenchi mawili mengine yamo ndani ya ghala, na nimesikia wapagazi hulalia mchana. Wapo waliosema wazee tumeuza Kambini kwa mita nne, wengine walinisema mbele yangu nikiwa naziba pancha zao. Niliitia ile sahihi kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini kila alasiri tulikwenda, na mguu ukaendelea kuchora nusu duara yake, ikawa robo duara, na mwaka wa kumi na nne akaanza kutembea na fimbo, mimi nafuata nyuma na baiskeli tupu kama dereva aliyekosa abiria.

Mwaka wa kumi na tano kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena kwa ajili ya ndugu waliovuka kutoka Burundi, maharage yakawa na wateja, na malori yakaanza kuingia kwenye ghala la Hajji asubuhi na jioni. Malori hayana adabu ya kugeuka. Yakawa yanapanda kona ya njia yetu, mvua za mwezi wa kumi na moja zikaingia kwenye alama za magurudumu, na pale getini pakawa bwawa la tope. Siku mbili mke wangu hakutembea. Siku ya tatu nikamwambia asubiri, nitazungumza na mkatekista tuone namna ya kwenda kwa Hajji, maana ni mtu aliyetutendea wema, hatuwezi kumfuata tu hivi hivi na lawama.

Nikaenda kibandani kwangu kunyoosha rimu ya mtu. Niliporudi saa sita hakuwepo. Fimbo haikuwepo. Nilishuka ule mteremko wetu kwa miguu, na kwa umri wangu nilikimbia, nikimtafuta kwenye kila mtaro. Nilimkuta Kambini amekaa kwenye benchi, viatu vimejaa tope mpaka kwenye kisigino, na mbele yake wapagazi wawili wanamwaga kokoto kutoka kwenye mkokoteni, wa tatu anasawazisha kwa koleo.

"Umefikaje hapa?" nikamuuliza. Nilikuwa nahema.

"Taratibu."

"Na Hajji? Umemwambia nini?"

"Nimemwambia kuna tope," akasema, akamwelekezea fimbo yule mwenye koleo. "Wewe, hapo kwenye geti bado. Ongeza."